Ruzuku ya kaya maskini: Muhuri kwenye kadi si afya ya mtoto



Ndugu msomaji, katika vijiji vyetu vya mwambao wa Mkinga ni mambo machache ya serikali yaliyozungumzwa barazani kama fedha za TASAF. Kaa dikoni hapa Moa ukisubiri ngalawa ziingie, utasikia pande mbili. Mmoja atakwambia fedha zile zimewalemaza watu, maana fulani tangu aandikwe hagusi tena jembe wala nyavu. Mwingine atakwambia lau si fedha zile, watoto wa marehemu fulani wasingejua mlango wa shule. Kila mmoja ana jirani wa kumtolea mfano, na kila mmoja huondoka barazani akiamini ameshinda.

Wiki hii safu yetu ya afya na usafi inaliangalia jambo hili kwa sababu linatuhusu moja kwa moja. Fedha hizi zilifungwa na kadi ya kliniki na daftari la mahudhurio shuleni. Mimi ni tabibu, kadi hizo nimezishika kwa mikono yangu, na swali ninaloulizwa na watu mara kwa mara ni hili: Je, mpango huu umewafaa masikini au haukuwafaa? Maoni yangu ni kwamba swali hilo lina njia ya kujibiwa. Njia hiyo haipiti kwa jirani mmoja mvivu wala kwa jirani mmoja aliyefanikiwa. Na tukiijua, tutagundua kwamba sisi wenyewe hapa kijijini tumekuwa tukihesabu vitu visivyostahiki kuhesabiwa.

MPANGO WENYEWE

Kwanza tukumbushane. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Awamu zake mbili za mwanzo wengi wetu tunazikumbuka kwa majengo: madarasa, zahanati, visima na barabara za vijijini. Mwaka 2012 ikaanza awamu ya tatu na ndani yake Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao uliipa kaya fedha mkononi. Kufikia mwaka 2015 mpango ulikuwa umezifikia kaya zipatazo milioni 1.1 Bara na Visiwani. Kipindi cha pili cha mpango huo kilizinduliwa Februari 2020.

Utaratibu wa kuwapata walengwa ulikuwa hivi. Mkutano wa kijiji unakaa na kutaja kaya zilizo duni kabisa. Kisha wanakuja watu wa madodoso, wanauliza nyumba imeezekwa kwa nini, wanalala wangapi, wana mifugo gani, wanakula mara ngapi. Majibu hupigiwa hesabu, na orodha hurudishwa mkutanoni ithibitishwe. Kaya iliyokubaliwa hupokea ruzuku kila baada ya miezi miwili. Katika kipindi cha kwanza kila kaya ilikuwa na ruzuku ya msingi ya Sh. 10,000 kwa mwezi, na juu yake huongezwa kiasi fulani kwa ajili ya watoto.

Ruzuku ya nyongeza ilikuwa na masharti. Mtoto mdogo apelekwe kliniki kwa ratiba, na mwanafunzi ahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Kaya isiyotimiza hukatwa. Hapo ndipo muhuri wa zahanati na daftari la mwalimu vilipopata uzito ambao havikuwa nao zamani.

VIJIJI 80 NA KURA

Wengi hawajui kwamba kabla ya mpango huu kuenea nchi nzima ulijaribiwa kwanza. Majaribio yalifanyika katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vilichukuliwa vijiji 80, ikapigwa kura, vijiji 40 vikaanza kupewa ruzuku mwaka 2010 na vijiji 40 vikabaki bila ruzuku kwa wakati ule. Familia za pande zote mbili zilihojiwa mwaka 2009 kabla fedha hazijaanza kutolewa, zikahojiwa tena mwaka 2011, na mara ya mwisho mwaka 2012.

Msomaji atauliza, kura ya nini? Kwa nini wasiende tu kuwauliza waliopewa kama hali zao zimekuwa nzuri?

Chukua mfano wa malaria. Tuseme Moa tulianza kupokea ruzuku, na miaka miwili baadaye watoto wanaougua malaria wamepungua. Mtu atasimama na kusema ruzuku imeleta kheri. Lakini tangu mwaka 2004 kina mama wajawazito walikuwa wakipewa Hati Punguzo za kununulia vyandarua, na baadaye vikaja vyandarua vya kugawiwa bure nyumba kwa nyumba. Pengine mwaka huo mvua zilikuwa haba na mbu wakawa wachache. Pengine dawa mseto zilifika kwa wingi. Utajuaje kheri imetoka wapi? Njia ni kuwa na kijiji cha pili kinachofanana na chetu, kilichopata mvua ileile, vyandarua vilevile na dawa zilezile, ila hakikupata ruzuku. Tofauti itakayoonekana baina ya vijiji hivyo viwili ndiyo kazi ya ruzuku.

Na kura ndiyo inayofanya vijiji vifanane. Kiongozi akichagua mwenyewe atachagua kijiji cha kwao, au kilicho karibu na barabara, au chenye wasomi wa kujaza fomu. Kura haina shemeji. Fedha zikiwa hazitoshi kuwafikia wote kwa mara moja, kuanza kwa kura ni uadilifu kuliko kuanza kwa kujuana.

Haya, matokeo yalikuwaje? Yalipotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba katika vijiji vilivyopata ruzuku watu waliugua kidogo kuliko katika vijiji vingine, na nafuu kubwa ilikuwa kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Katika nusu ya kaya zilizo masikini zaidi, watoto hao walipunguziwa takriban siku nzima ya ugonjwa kwa kila mwezi. Kwa upande wa elimu, watoto zaidi waliandikishwa shule na watoto zaidi walimaliza darasa la saba, na dalili zilionyesha kwamba wasichana ndio walionufaika zaidi katika kumaliza. Kaya zilijiunga kwa wingi na bima, wakati ule ikiwa ni Mfuko wa Afya ya Jamii. Walifuga zaidi, hasa kuku. Kwa hiyo yule anayesema masikini akipewa fedha huishia kulala, majibu ya vijiji 80 hayamuungi mkono. Lakini na yule anayedhani ruzuku iliondoa umasikini naye asikie: chakula cha kila siku cha kaya hizo hakikuongezeka kwa kiasi cha kuonekana katika hesabu. Fedha zilikuwa kidogo na hazikuweza kufanya kila kitu.

JAMBO LINALOTUHUSU SISI WA ZAHANATI

Ndani ya matokeo hayo kuna jambo moja ambalo ningependa kila mjumbe wa serikali ya kijiji alijue. Mwaka 2011, yaani mwaka mmoja na nusu baada ya ruzuku kuanza, mahudhurio ya zahanati katika vijiji vya ruzuku yalikuwa yamepanda. Mwaka 2012 mahudhurio yakashuka, yakawa hata chini ya vijiji vingine.

Sasa mchukue afisa anayesoma vitabu vya MTUHA ofisini, ambavyo kazi yake kubwa ni kuhesabu wangapi wamekuja. Mwaka 2011 angeandika kwamba mpango umefaulu. Mwaka 2012 angeandika kwamba mpango umefeli, watu wamerudia mazoea yao. Kumbe ukweli ni kwamba walikuwa wanaugua kidogo zaidi. Mwanzoni walikuja kwa sababu ya sharti, wakatibiwa, wakapata nasaha za kujikinga, na baada ya muda hawakuwa na haja ya kuja mara kwa mara. Kupungua kwa foleni kulikuwa ni habari njema, lakini kwa mtu anayehesabu foleni tu ingeonekana ni msiba.

Na msomaji wa safu ya usafi aangalie na hili: moja ya vitu ambavyo kaya za ruzuku zilinunua zaidi ni viatu vya watoto. Mtu atacheka na kusema kandambili ni kitu gani. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu mtupu unaokanyaga udongo wenye kinyesi. Ikifika tumboni hunyonya damu, na mtoto akipungukiwa damu huwa mchovu, husinzia darasani na hukosa nguvu ya kupigana na homa. Jozi moja ya kandambili na choo kinachotumika na watu wote wa nyumba hufanya kazi ambayo chupa kadhaa za dawa ya kuongeza damu haziifanyi. Mama ambaye hajasoma alilijua hilo, na alipopata shilingi ya ziada ndiko alikoipeleka.

TANGA TUNA MFANO WETU

Wapo watakaosema habari za vijiji 80 ni za huko Pwani na Dodoma. Sawa, tuje kwetu. Mkoa wa Tanga umeteseka kwa matende na mabusha tangu enzi za mababu. Mwaka 2004 ulianza kugawa dawa mkoani kwetu, ivermektini na albendazoli, mara moja kwa mwaka kwa watu wote wanaostahiki, wawe wanaumwa au hawaumwi. Tulizimeza dawa zile, na maneno yalikuwa mengi: wengine wakasema ni za kuzuia uzazi, wengine wakazitia mfukoni na kuzitupa.

Serikali ingeweza kujisifu kwa idadi ya vidonge vilivyotoka stoo. Lakini watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao wa Denmark waliweka kijiji cha Kirare, karibu na mji wa Tanga, chini ya uangalizi kwa miaka mingi. Walipima damu za watu usiku, kwa sababu vijidudu vya ugonjwa huu hujitokeza kwenye damu ya pembeni nyakati za usiku, wakati mbu wanapouma. Walikamata mbu na kuwapasua. Wakaona kwamba vijidudu vinapungua duru hadi duru, na wakaona vilevile kwamba baada ya duru kadhaa maambukizi yalikuwa bado hayajakatika kabisa, hivyo kazi ya kugawa dawa isingefaa kuachwa njiani.

Hiyo ndiyo tathmini ninayoisemea. Kidonge kilichogawiwa hakikuhesabiwa kuwa ni ugonjwa ulioondoka. Mtu aliamka usiku akatazama damu.

Wasomaji waliopita madrasa wanakijua kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), jinsi alivyotembea usiku nje kidogo ya Madina akamkuta mama ameinjika chungu motoni, ndani mna maji na mawe, ili watoto wanyamaze wakidhani chakula kinaiva. Baitul Mali ilikuwepo, na wasimamizi walikuwepo. Mama yule hakuwa amefikiwa, na Umar alilijua hilo kwa sababu alikwenda mwenyewe kuangalia chunguni. Kiongozi anayeridhika na taarifa ya mezani hawezi kujua chungu kina nini.

KUHUDHURIA SHULE NA KUJUA KUSOMA

Kwa upande wa elimu hali ni hiyohiyo. Wenzetu wa Busia, magharibi mwa Kenya, walifanyiwa jaribio kubwa katika shule za msingi 75 kuanzia mwaka 1998. Watoto walipewa dawa za minyoo, shule nyingine zikianza mapema na nyingine baadaye. Utoro ulipungua kwa takriban robo nzima, tena hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa mayai ya minyoo yalipungua katika udongo wanaouchezea. Mmoja wa waliolifanya jaribio hilo, Michael Kremer, alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizirudia hesabu zile wakapinga baadhi yake, na mjadala ukawa mkali. Lakini kuna jambo ambalo waandishi wenyewe walilisema tangu mwanzo: alama za mitihani hazikupanda. Watoto walikuja shuleni zaidi, na hawakujua zaidi.

Hapa Tanzania nako, mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule za msingi 350 kwenye wilaya 10. Shule za kundi moja zilipewa ruzuku ya Sh. 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili, walimu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Na kundi la nne halikupata kitu, ili liwe la kulinganishia. Ruzuku peke yake haikupandisha ujuzi wa watoto. Bakshishi peke yake ilifanya kidogo. Vyote viwili vilipokuwa pamoja, watoto walijua zaidi, na nyongeza ile ilizidi jumla ya ruzuku na bakshishi kila kimoja kikiwa peke yake.

Somo lake ni jepesi kwa mvuvi yeyote. Ukimpa mtu nyavu bila chombo hatavua, na ukimpa chombo bila nyavu hatavua. Mtoto wa kaya masikini akifikishwa darasani kwa nguvu ya ruzuku, kisha akakuta darasa lina watoto mia moja na mwalimu amechoka, sharti la asilimia 80 limetimia kwenye karatasi. Mzazi atalipwa. Mtoto atafika darasa la nne hajui kusoma habari fupi ya Kiswahili.

SHARTI LIWE LA PANDE MBILI

Hapa ndipo penye maoni yangu, na ninayasema bila kificho. Sharti la mpango wa umma likimbana mpokeaji peke yake, ni nusu ya haki.

Fikiria mama wa hapa Moa anayelima mwani. Kazi yake inafuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hutoka mbali, na maji hukupwa kuanzia asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Siku hizo chache ndizo za kufunga mbegu na kuvuna. Lakini siku ya kliniki imepangwa kwa kalenda ya ofisini isiyojua bamvua wala maji mafu. Mama huyu akienda baharini, atakatwa ruzuku. Akienda kliniki, atapoteza mavuno. Zahanati ingeweza kusogeza siku ya kliniki iangukie maji mafu bila kuongeza hata senti moja kwenye bajeti. Nani ameulizwa kwa nini haikusogeza?

Au fikiria mama aliyetembea na mtoto mgongoni hadi kituoni. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, jina lake nitalihifadhi, zilikuwepo wiki ambazo mzani ulikuwa mbovu na dawa za kuharisha zimekwisha. Mama alipigiwa muhuri, akaandikiwa cheti akanunue dawa dukani, akarudi. Kwenye taarifa ya mwezi mama yule alikuwa ametimiza sharti, na kituo kilikuwa kimetoa huduma. Mtoto aliendelea kuharisha. Je, katika hao wawili, nani aliyevunja sharti? Na nani ambaye angekatwa fedha kama asingetokea?

Sisemi masharti yaondolewe. Uzoefu wa kazi umenifundisha kwamba sharti humsaidia mama mbele ya mume anayesema kliniki ni kupoteza muda, kwani sasa anaweza kumjibu kwamba fedha zitakatwa. Ninachosema ni kwamba kama mama anahesabiwa siku alizokosa kuja kliniki, basi zahanati ihesabiwe siku ilizokosa dawa. Kama mtoto anahesabiwa siku alizokosa shule, basi shule ihesabiwe watoto waliofika darasa la tatu bila kujua kusoma. Na hesabu zote mbili zisomwe mahali pamoja, mbele ya watu walewale.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayostahiki jibu. Watu husema kupima ni gharama, na fedha za madodoso na wataalamu zingetosha kuwalisha masikini kadhaa. Ni kweli kupima kuna gharama. Lakini tuwatazame Mexico. Mwaka 1997 walianzisha mpango wa kuzipa fedha familia masikini kwa masharti ya shule na kliniki, ukiitwa Progresa. Waliupima kwa kura katika vijiji 506, vijiji 320 vikianza na 186 vikisubiri. Mwaka 2000 chama kilichotawala kwa miaka 71 kikashindwa uchaguzi, na kwa desturi serikali mpya hufuta ya waliotangulia. Mpango huu haukufutwa, kwa kuwa ushahidi wa kwamba unawafaa watoto ulikuwa wazi kwa kila mtu. Ulibadilishwa majina, ukaendelea mpaka mwaka 2019. Mpango usiopimwa hauna wa kuutetea siku kiongozi mpya akiamka vibaya, na wanaoumia siku hiyo ni masikini. Kadhalika mpango usiopimwa huficha wezi. Tulishuhudia mwaka 2016 nchini kwetu, uhakiki ulipofanyika makumi ya maelfu ya kaya yakaondolewa kwenye orodha kwa kuwa hayakustahiki, zikiwemo za waliokufa, waliohama na wenye uwezo wao. Kila shilingi iliyokwenda huko ilitoka mdomoni mwa yatima.

TUFANYE NINI HAPA KIJIJINI

Msomaji asidhani kupima ni kazi ya wenye shahada peke yao. Kura na vijiji 80 ni kazi yao. Lakini kuna sehemu ambayo ni yetu, na sheria imetupa mahali pa kuifanyia: mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Mkutano huo tumezoea kuuendea kusikiliza michango na migogoro ya mashamba. Napendekeza tuuendee na maswali manne, na tuyaulize kila mkutano bila kuchoka.

Swali la kwanza kwa mwalimu mkuu: katika watoto wa darasa la tatu, ni wangapi wanaoweza kusoma habari fupi ya Kiswahili na kuielewa? Mahudhurio ayataje, lakini hili litangulie.

Swali la pili kwa mganga mfawidhi: katika miezi hii mitatu, zahanati ilikosa dawa mseto kwa siku ngapi, na dawa ya kuharisha pamoja na zinki kwa siku ngapi? Mzani unafanya kazi? Mimi mwenyewe ni mtu wa kada hii na ninajua swali hili linauma, kwa sababu mara nyingi dawa hazikosekani kwa kupenda kwetu. Hata hivyo mganga akisema hadharani kwamba alikosa dawa siku 30, kijiji kizima kitakuwa shahidi wake wilayani. Akinyamaza, lawama ni yake peke yake.

Swali la tatu, pia kwa mganga: katika watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa, ni wangapi ambao mstari wa ukuaji kwenye kadi umeshuka au umelala? Huo mstari ndio unaosema kama ruzuku imefika tumboni mwa mtoto. Mihuri inaweza kujaa ukurasa mzima na mstari ukawa unashuka.

Swali la nne kwa mtendaji na kamati: orodha ya walengwa isomwe kwa sauti. Nani ameongezwa, nani ametolewa, na kwa sababu gani? Mkutano ndio uliowataja mwanzo, basi mkutano una haki ya kuwajua mwisho.

Walimu wetu wa madrasa nao wana nafasi. Mtoto anayekaa mbele yako kila alasiri unamjua kuliko afisa yeyote. Unajua nani anatokwa na vipele kila siku, nani anakuja miguu mitupu, nani anasinzia kabla ya magharibi, nani hakuonekana tangu dagaa waanze kutoka. Mwalimu akimnong'oneza mzazi, au akaja zahanati kutuuliza, atakuwa amefanya tathmini ambayo hakuna dodoso linaloifikia. Na katika majumba yetu, wakati tukisubiri serikali, tuhakikishe kila mtoto ana kandambili za kwendea chooni na njiani, choo kinafunikwa, na maji na sabuni vipo mlangoni mwa choo.

Ndugu msomaji, fedha za umma ni amana. Aliyezitoa ni mlipa kodi, na anayezisubiri ni mjane na mtoto asiye na sauti barazani. Atakayekwambia zimewalemaza watu, muulize amelinganisha na nani. Atakayekwambia zimefanya miujiza, muulize watoto wangapi wanajua kusoma. Kisha mwambie mkutano mkuu ujao ni lini, na mwende wote wawili.

Wabillahi tawfiiq.